Shavu la kijana wa Nyamira: uvimbe wa mfupa si saratani, wala si kazi ya mchawi

Safu ya leo inapanda mlima.

Mwaka jana niliandamana na jirani yangu kwenda kwao Nyamira kumzika mjomba wake. Jirani huyu ni Mkisii, tumekaa naye nyumba za kupakana hapa Mombasa zaidi ya miaka kumi. Wanangu humwita ami, na wake huniita mimi hivyo hivyo. Tulipanda basi la usiku mpaka Nairobi, tukashika jengine kupitia Narok, Bomet na Sotik, tukateremka Keroka alasiri mvua ikinyesha. Wengi wetu huku pwani tunawajua Wakisii kwa ndizi zao, na kwa vile vinyago vya mawe laini vya Tabaka wanavyouziwa watalii pale karibu na Ngomeni. Kwao hatukujui. Ni kijani kitupu, chai na migomba mpaka juu vileleni, na baridi yake si ya mchezo. Nilivaa koti la kuazima juu ya kanzu siku tatu mfululizo.

Huko matangani ndiko nilikomwona kijana huyu. Sitataja jina lake wala kijiji chake, na msomaji anayemjua namuomba naye asitaje. Alikuwa amekaa nyuma ya jiko, kofia ameivuta chini, leso ameifunga nusu ya uso. Alipoiondoa ili anywe chai niliona shavu la kushoto limejaa kama mtu aliyeficha ndimu kinywani, ila hii ndimu ilikuwa ngumu, ni mfupa. Jicho la upande huo lilikuwa limesukumwa juu kidogo, halilingani na mwenzake. Ana umri wa miaka kumi na minne. Uvimbe ulianza alipokuwa na minane. Hauumi, hautoi usaha, haujawahi kumpa homa. Umekuwa ukikua polepole tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka wenzake shuleni wakampa jina ambalo sitaliandika hapa, naye akaacha kwenda shule.

Hilo moja. La pili nililiona jioni, chakula kilipopakuliwa. Nyanya yake, mama yake baba, alileta sinia ya ugali na mboga, akaiweka. Watu wakaendelea kuzungumza. Hakuna aliyenyosha mkono. Ilipoletwa sinia nyengine na mtu mwengine, wakala. Jirani yangu akaniinamia sikioni akaniambia, "Ami, wanasema ni yeye aliyemfanya mtoto."

Ndugu msomaji, maneno kama hayo huko si porojo za jikoni. Mwezi wa Mei 2008 wazee kumi na mmoja, wengi wao wakina mama, walichomwa moto wakafa huko Kisii kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wakina mama wakongwe wanne waliuawa na umati kwa madai kwamba wamemroga mwanafunzi. Kwa Ekegusii mchawi ni omorogi, na neno hilo likishamkaa mzee juu yake, halibanduki kirahisi. Na kabla hatujawacheka watu wa bara, tutazame Kilifi yetu. Ni wazee wangapi wameuawa Ganze, Magarini na Kaloleni kwa neno hilo hilo, mara nyingi nyuma yake kuna shamba linalogombaniwa? Kule Kaya Godoma, Ganze, kuna kituo kinachohifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Basi tusinyosheane vidole.

Kwa hiyo, ni kitu gani kinachofanya shavu la mtoto livimbe miaka sita bila kuuma? Kwa madaktari hilo ni swali la kitabuni. Kwa yule bibi ni swali la uhai wake. Mimi si daktari, nina stashahada yangu ya uandishi tu, lakini niliporudi Mombasa nilikwenda kumuuliza tabibu wa upasuaji wa kinywa na taya, nikasoma, nikauliza tena. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Swali la kwanza ambalo tabibu aliniuliza halikuwa ni wapi uvimbe ulipo wala una ukubwa gani. Aliniuliza, "Umekua kwa kasi gani?" Nikamwambia miaka sita. Akashusha pumzi.

Sababu ya kushusha pumzi ni hii. Katika sehemu zetu za Afrika Mashariki, uvimbe wa taya au shavu kwa mtoto una mshukiwa mmoja mbaya ambaye lazima atolewe njiani kwanza, naye ni limfoma ya Burkitt. Hii ni saratani, na ni katika saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu: chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa mzima mwanzo wa mwezi, mwisho wa mwezi taya limejaa, meno yanalegea na kucheza, pengine na tumbo linavimba. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa hivi.

Habari ya ugonjwa huu ni ya kwetu kabisa, na inafaa kuijua. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa miaka mitano ambaye taya zake zote, juu na chini, kulia na kushoto, zilikuwa zimevimba. Hakuwa ameona kitu kama hicho. Punde akakutana na mwengine. Mwaka 1958 akaandika habari zake. Kisha akafanya jambo ambalo madaktari wengi hawafanyi: akanunua gari kuukuu, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha kutoka Kampala mpaka Johannesburg, safari ya maili 10,000 kwa wiki kumi, wakisimama kila hospitali na kuuliza swali lile lile, mnawaona watoto kama hawa? Walionyesha picha, wakatia alama kwenye ramani. Ramani ilipokamilika ilionekana kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na hukoma panapokuwa na baridi na miinuko. Yaani unafuata mbu. Leo inajulikana kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, pamoja na kirusi kilichogunduliwa London mwaka 1964 na akina Epstein kutoka kwenye vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, ndizo zinazofungua mlango wa saratani hii.

Sasa Kisii mjini pako karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Nyamira ni juu zaidi. Kwa ramani ya Burkitt hapo ni ukingoni. Lakini ukiteremka saa chache tu uko ziwani, Homa Bay na Migori, kitovu cha malaria, na watu hupanda na kushuka kila siku kwa biashara. Kwa hiyo hakuna daktari wa huko anayeweza kusema huyu ni wa mlimani, hana Burkitt. Na sisi wa pwani ndio kabisa, tuko ndani ya ukanda wenyewe. Mtoto wa Kilifi, Kwale au Tana River ambaye shavu limejaa ndani ya wiki mbili tatu, hapo si pa kungoja hata Ijumaa ipite. Na habari njema ni kwamba Burkitt husikia dawa. Mtoto akifika mapema, uvimbe unaotisha waweza kuyeyuka kwa dawa za saratani bila kisu, na wengi hupona. Anayechelewa ndiye tunayemzika.

Huyu wetu wa Nyamira hakuwa huko. Miaka sita, bila homa, bila kukonda, mfupa mgumu. Hapo tunaingia katika kundi jengine kabisa la maradhi, nadra, ambalo watu wengi hawajawahi kulisikia: uvimbe wa mifupa ya uso usio saratani.

Linalojulikana zaidi katika kundi hili linaitwa faibrasi displasia. Ili kulielewa, fikiria kwanza mfupa wa kawaida. Mfupa haukai tu kama jiwe. Kila siku mwili unabomoa kidogo na kujenga kidogo, mafundi wako kazini usiku na mchana, hasa kwa mtoto anayekua. Kwa mwenye faibrasi displasia, baadhi ya mafundi hao wana hitilafu. Badala ya kujenga mfupa imara, wanajaza nyuzinyuzi zilizochanganyika na vijipande vya mfupa dhaifu. Mahali hapo hupanuka, hujaa, hupoteza umbo. Ikiwa ni mguuni, mfupa hupinda au kuvunjika. Ikiwa ni usoni, shavu hutoka, jicho husogea, pua huziba upande mmoja, meno hupoteza mstari wake.

Hitilafu yenyewe inatoka wapi? Hapa naomba tusome polepole, maana ndipo penye jibu la yule bibi. Inatoka katika jeni moja inayoitwa GNAS, na wanasayansi waliiunganisha na ugonjwa wa jamii hii mwaka 1991. Jeni hiyo hubadilika katika chembe moja tu ya mtoto akiwa bado tumboni, wiki za mwanzo mwanzo, baada ya mimba kutunga. Chembe zote zitakazozaliwa na chembe hiyo zinakuwa na hitilafu, na zilizobaki ni nzima. Ndiyo maana mtu huwa na shavu moja lililovimba na jengine halina kitu. Baba hakumrithisha. Mama hakumrithisha, hakula kitu kibaya, hakutazama kitu kibaya. Mgonjwa mwenyewe akioa na kuzaa, watoto wake hawatairithi. Haiambukizi hata kwa kula sahani moja. Na jambo lilikuwa limeshatokea kabla hajazaliwa, kabla hajapewa jina, kabla bibi hajamshika mikononi.

Nilipomweleza jirani yangu haya alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nimemuuliza tabibu, mbona basi ulingoja miaka minane kujitokeza? Jibu ni kwamba mfupa wa mtoto mchanga bado ni mdogo, hitilafu imo lakini haionekani. Mtoto anapokua ndipo nayo inakua, na huenda kasi katika umri wa kubaleghe. Kwa wengi hupunguza mwendo au kusimama kabisa mwili unapokamilika kukua.

Wapo ambao hitilafu hii haiishii mfupa mmoja. Chembe ikiharibika mapema zaidi, mifupa mingi huingia, na pamoja nayo ngozi huwa na mabaka makubwa ya rangi ya kahawa yenye kingo za kukatikakatika, na msichana aweza kuona damu ya mwezi akiwa mtoto wa miaka mitatu au minne. Mama akiona mambo hayo mawili au matatu pamoja amwambie daktari, maana hapo homoni nazo zinahitaji kutibiwa, na si uso peke yake.

Faibrasi displasia ina ndugu anayefanana nayo sana kwa nje, lakini kwa ndani ni kitu mbali: faibroma inayogeuka mfupa. Tofauti niliipata kwa mfano wa jikoni. Faibroma ni kama kokwa ndani ya embe, ina mpaka wake, fundi mwenye kisu aweza kuitoa yote ikatoka. Displasia ni kama tui lililokwisha kuingia kwenye wali; huwezi kulichuja tena, limo katika kila punje. Ya kwanza mpasuaji huitoa kabisa, na kwa vijana wadogo ni lazima aitoe vizuri kwa kuwa ina tabia ya kukua kwa nguvu na kurudi. Ya pili kwa kawaida huchongwa tu ili kurudisha umbo. Ndiyo maana huwezi kumtibu mtu kabla hujajua ni ipi kati ya mbili hizo.

Kuna na cherubizimu, ambayo huvimbisha taya pande zote mbili kwa watoto wadogo, macho yakaelekea juu kama malaika wa michoro ya makanisani. Hii ndiyo hurithiwa katika ukoo, na wengi wao hupungua yenyewe baada ya kubaleghe. Na kuna ameloblastoma, inayoanzia katika chembe zinazotengeneza meno, zaidi taya la chini, ambayo katika hospitali nyingi za Afrika huonekana mara kwa mara kwa vijana na watu wazima. Nayo si saratani kwa kawaida, lakini inakula taya kimyakimya, na ukiikwangua tu bila kukata mpaka kwenye mfupa mzima, itarudi. Ameloblastoma haingojwi.

Vipi zitofautishwe? Kwa kutazama usoni, hapana. Hata tabibu bingwa hatakwambia kwa macho. Huanza kwa eksirei, kisha skani ya CT ambayo hukata picha ya kichwa vipande vipande kama mkate. Displasia kwenye picha huonekana kama kioo chenye ukungu, kile cha madirisha ya choo kinachopitisha mwanga lakini huoni ndani, na haina mpaka ulio wazi. Faibroma huwa na ukingo. Kukiwa na shaka, hukatwa kipande kidogo kikapelekwa maabara. Jicho nalo hupimwa, uwezo wa kuona na kutofautisha rangi, kwa sababu mshipa wa jicho hupita katika tundu jembamba la mfupa, na mfupa huo ukinenepa waweza kuubana. Hili la jicho alilisisitiza tabibu zaidi ya umbo la uso. Mtu aweza kuishi na shavu lililotoka. Kijana anayesema siku hizi jicho la kushoto linaona kiza, au rangi nyekundu imepauka, huyo ni wa kukimbizwa.

Sasa matibabu, na hapa nina maneno ya kusema. Kwa mwenye displasia, mara nyingi daktari atasema tungoje. Familia nyingi husikia neno hilo kama kufukuzwa. Wameuza ng'ombe, wamesafiri siku nzima, kisha waambiwe wangoje! Wanatoka hapo moja kwa moja kwa mganga. Lakini kungoja huku ni tiba. Ukichonga mfupa wa kijana wa miaka kumi na miwili ambaye bado anakua, una nafasi kubwa ya kuuona umerudi, na itabidi umpasue tena. Ukingoja mwili ukamilike, kuchonga mara moja kwaweza kutosha. Wakati huo wa kungoja kuna kazi: kurudi kliniki, kupima jicho, kupiga picha kulinganisha na ya zamani, kutunza meno. Kukiwa na maumivu kuna dawa za kuimarisha mifupa ambazo hupunguza uchungu, ingawa hazisimamishi uvimbe. Na ikiwa jicho linapoteza nuru, au kijana anashindwa kupumua, au umbo limemharibia maisha kabisa, hapo hupasuliwa bila kungoja, mara nyingi kwa kupitia ndani ya mdomo ili kusibaki kovu usoni. Madaktari wanalaumiwa kwa mengi, lakini hapa kosa lao kubwa ni moja tu: hawakai na mzazi dakika kumi wakamweleza kungoja kuna maana gani.

Kitu kimoja kisifanywe kamwe: kuchoma displasia kwa mionzi. Zamani ilijaribiwa. Ugonjwa huu kwa kawaida haugeuki saratani, ni wachache mno wanaogeuka, lakini mionzi huongeza hatari hiyo. Akitokea mtu akakwambia mtoto wako apelekwe kwa mionzi kwa ajili ya displasia, tafuta daktari wa pili.

Kijana wetu alikuwa amepitia mengine. Mama yake alinihadithia. Nilicheka kidogo pale mwanzo kwa sababu mtoto alikuwa akimwita "baba," nikadhani sikusikia vizuri; kumbe kwa Ekegusii baba ni mama, na baba ni tata. Basi mama huyu alisema walianza kliniki moja ya binafsi, wakaambiwa ni jino bovu. Likang'olewa. Uvimbe ukabaki. Likang'olewa la pili, kisha la tatu, yote mazima. Halafu zikafuata antibayotiki za miezi. Halafu mtu akamchanja shavuni kwa wembe kutoa damu mbaya, na damu kweli ikatoka, ikatoka mpaka wakaogopa. Tabibu aliniambia mfupa wenye displasia una damu nyingi sana, na ndiyo sababu kuukatakata ovyo ni hatari.

Nakiri nilishangaa kwa jambo moja. Wakisii hawa ni watu wenye historia ya upasuaji kuliko makabila mengi. Walikuwa na mafundi wao, ababari, ambao kwa vizazi na vizazi walifungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu kwa watu waliogongwa wakabaki na maumivu yasiyoisha, na wengi walipona. Madaktari wa Kizungu walikwenda kuwatazama na kuandika. Hawa si watu wa kuogopa kisu. Kinachowachelewesha, nilivyoona mimi, ni kwamba kitu kisichouma na kinachokua polepole hakina jina, na kisicho na jina hutafutiwa mwenyewe.

Pesa nayo ni kikwazo, nani asiyejua. Tangu Oktoba 2024 NHIF imeondoka na SHA imeshika nafasi yake. Asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa alipe ya mwaka mzima, yaani 3,600. Kwa mchuma chai si pesa kidogo, lakini ukiilinganisha na nauli ya kwenda na kurudi Nairobi na bei ya skani ya mfukoni, ni bora kuitafuta kabla ya ugonjwa kuliko baada. Na utake barua ya rufaa. Familia ile ilikuwa ikiruka kutoka kliniki hadi kliniki bila karatasi. Kwa watu wa huko njia ni kuanzia hospitali ya kaunti Nyamira, kisha hospitali ya mafunzo na rufaa ya Kisii, na ikihitajika Kenyatta au kliniki ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au Moi kule Eldoret. Huku kwetu ni Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara. Uliza daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, kwa jina hilo hilo. Usikubali kurudishwa kwa mng'oa meno.

La mwisho kuhusu pesa. Tumezoea kuchangisha kwa kuweka picha ya mgonjwa mtandaoni na namba ya simu chini yake. Nia ni njema. Lakini picha ya uso wa kijana wa miaka kumi na minne, ikishazunguka makundi yote ya WhatsApp kutoka Lamu mpaka Lungalunga, hairudi tena. Atakapokuwa ameshachongwa na anatafuta kazi au mchumba, itakuwa bado iko. Tuchange bila uso wake. Barua ya daktari inatosha kuwa ushahidi.

Barua hiyo imenirudisha Nyamira. Baada ya matanga jirani yangu aliacha mambo yake wiki moja, akampeleka kijana hospitali ya rufaa. Skani ikapigwa, kipande kikapimwa. Jibu likaja: faibrasi displasia, mfupa wa shavu na wa taya la juu, upande wa kushoto. Jicho bado linaona sawa. Ameambiwa arudi kila miezi sita, na kuchongwa kutazamwe atakapomaliza kukua. Alipenda zaidi jambo moja, kuambiwa kwamba ugonjwa una jina na kuna watu wengine duniani wanao. Muhula uliofuata alirudi shule, ya pili, si ile ya kwanza.

Barua ya daktari ina mistari michache tu, imesema ni ugonjwa wa mfupa unaoanza kabla ya kuzaliwa na hausababishwi na mtu. Maneno hayo ya mwisho jirani yangu aliyaomba yaandikwe, na daktari, Mungu amjaze kheri, hakuuliza kwa nini. Mama alitaka kuiweka pamoja na kadi za kliniki. Nyanya akaiomba. Wakaitoa nakala, wakampa. Hajui kusoma, lakini mchungaji wa kanisa lao aliisoma mbele ya watu Jumamosi moja, kwa Kiswahili kisha kwa Ekegusii. Naambiwa bibi ameitia ndani ya mfuko wa plastiki, anatembea nayo kifuani, na mtu akisita kupokea chakula chake huitoa akamkabidhi.